Karatasi ya Kupanda

Mji mzima wa Baraka ulikuwa unatazama ziwa. Godelieve alitazama mlima.

Asubuhi, pirogi za wavuvi zikirudi na samaki wa ndagala, bamama wote tulisimama uso kwa maji, mabeseni kichwani, kila mmoja akitafuta kwa macho pirogi ya mtu wake. Yeye peke yake aligeuka, akalipa ziwa mgongo, akatazama juu kama mtu aliyeitwa jina. Tulimcheka. Tulimwambia kwamba kule samaki hawashuki. Alikuwa anatafuta moshi.

Mlima wetu, ukiutazama kutoka ufukoni saa ile, si kitu kigumu. Ni kama kikwembe cha bluu ambacho mtu alianika akakisahau. Ukungu unaingia katika mikunjo yake na kutoka tena. Na kule juu kabisa, nyuma ya mji wa Fizi, siku ambazo hewa ni safi, palikuwa panapanda uzi mmoja wa moshi, mwembamba kama uzi wa kushonea. Godelieve alisema ule ni moshi wa jiko la mama yake. Nilimwambia kwamba kutoka hapa mpaka kwa mama yake ni mwendo wa siku mbili, na mtu haoni moshi wa siku mbili.

"Mi naona," alisema.

Basi. Nani atamnyang'anya mtu macho yake?

Tulikuwa katika vita ya pili ya Kongo, mwaka wake wa tatu. Fabien, mume wa Godelieve, alikuwa amevuka ziwa na watoto watatu, Nadège mkubwa wao, baada ya habari za mauaji ya Makobola kufika na watu kuacha kulala ndani ya nyumba. Walikuwa kambini, Tanzania. Kila mara Iddy, mwenye boti wa rasi ya Ubwari, alipokuja upande wetu, alileta neno lile lile kutoka kwa Fabien: njoo. Na kila mara Godelieve alirudisha neno lile lile: nitakuja na mama.

Mama yake, mzee Suzanne, alikuwa amebaki juu, katika kijiji cha nyumba saba ambacho jina lake halijaandikwa na mtu. Wachuuzi wa chumvi walisema nyumba sita zilikuwa zimekimbilia porini. Yeye alibaki kwa sababu magoti yake yalikuwa yamekufa. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumbeba, au wenye nguvu hawakuwa na moyo. Mimi sikuwepo, sihukumu sana.

Kisha Iddy akasema neno jipya. Wenye bunduki walikuwa wameanza kuchukua motere za boti. Yeye angevuka mara moja tu, mwisho wa mwezi ule, halafu angeificha boti yake Ubwari mpaka Mungu akumbuke ziwa hili. Anayetaka kuvuka awe ufukoni siku hiyo.

Siku zilizobaki kwa Godelieve zikawa kama kipande cha sabuni mkononi. Inapungua hata usipoitumia.

Sasa, kupanda mlima wakati ule haikuwa kuchukua kitunga na kwenda. Palihitajika karatasi. Na karatasi ilitoka bironi, ofisi ya wenye bunduki, ishirini tu kwa juma, siku ya Jumanne. Na watu waliozitaka walikuwa Baraka yote, kwa sababu juu kulikuwa na viazi na maharagi na nyama ya ng'ombe, na chini kulikuwa na ndagala, na mtu hawezi kula ndagala na ndagala. Ungeona msururu ungefikiri huko mlimani wanagawa mbingu kwa vikombe.

Hatukukaa wenyewe katika msururu. Tuliweka mawe. Kila mtu na jiwe lake, tangu Jumapili baada ya misa, mbele ya mlango wa biro. Jiwe linakushikia nafasi, nawe unaenda kuanika samaki wako. Tulijua mawe ya wenzetu kama tunavyojua sura. La jirani yangu Pulchérie lilikuwa na pembe. Langu lilikuwa kipande cha tofali. La Godelieve lilikuwa jeupe, laini, la kijito cha kwao. Alilileta siku aliyoolewa, sijui kwa nini. Wengine wanaleta sufuria.

Juma la kwanza alikuwa wa kumi na nne. Lakini Jumatatu mtu fulani alifukuza mbuzi, akaokota jiwe la karibu, akatupa. Lilikuwa jeupe, lilionekana vizuri. Jumanne Godelieve alifika akakuta nafasi yake ni mavumbi matupu, na wa kumi na tano akaapa kwamba yeye ndiye wa kumi na nne. Alitumia asubuhi nzima kutafuta jiwe lake katika majani nyuma ya biro. Alilipata. Hakumtukana mtu. Mimi nilitukana kwa niaba yake.

Juma lililofuata alifika nafasi ya ishirini. Mimi nilikuwa wa ishirini na moja. Sitaki kusema zaidi juu ya hilo.

Aliyeandika karatasi alikuwa Norbert, zamani mwalimu wa darasa la tatu. Shule ilipofungwa, wakubwa walimchukua kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri, na yeye alikubali kwa sababu alikuwa na tumbo kama sisi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na meza moja, kashe moja ya kupigia muhuri, ambayo wino wake aliulainisha kwa maji ya ndimu, na makaye, madaftari ya wanafunzi wake wa zamani. Aliyakata kurasa vipande vinne vinne, kila kipande ni ruhusa ya mtu mmoja. Ukigeuza ruhusa yako, nyuma unakuta hesabu ya mtoto, imekosewa, na alama nyekundu.

Alimwuliza Godelieve jina. Akaandika. Akamwuliza sababu ya safari.

"Nataka kupanda mulima, mwalimu, nishushe mama yangu. Magoti yake imekufa, iko peke yake, na mvua iko karibu, na boti ya Iddy..."

Norbert akainua kalamu. "Mama Nadège, hii karatasi iko kiasi gani?"

Godelieve akatazama. "Iko robo."

"Basi unipe sababu ya robo."

Akaandika neno moja: *kupanda*. Akaongeza siku kumi na nne, akapiga kashe, akapuliza.

Godelieve akauliza habari ya kushuka. Norbert akamweleza, kwa upole kabisa, kama anavyomweleza mtoto kugawanya, kwamba karatasi ya kushuka hupewa mtu anayeshuka, na mtu huyo lazima aje mwenyewe bironi kuandikishwa. Biro iko chini. Godelieve akasema, ina maana mama yake ashuke kwanza, ndipo apate ruhusa ya kushuka. Norbert akafikiri. Nilimwona akifikiri, uso wake ulikunjamana. Kisha akasema ndivyo utaratibu ulivyo, na kwamba yeye si mwenye kuutunga.

Nami nikaingia, nikaambiwa zimekwisha.

Nilimsindikiza siku ya pili yake mpaka barieri ya chini ya mlima. Alibeba kitunga kikubwa cha mihogo, kile cha mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso kama bamama wa kwao wanavyobeba. Ndani aliweka chumvi, ndagala, blanketi. Na katika pembe ya kikwembe chake alifunga fundo, ndani yake maharagi, kiganja kimoja, yale mekundu yenye madoa meupe. Nilimwuliza ni akili gani, kupeleka maharagi mlimani. Ni kama kupeleka maji ziwani. Akasema kwao, mtoto wa kike akiolewa hupewa mbegu za jikoni kwa mama yake. Na akirudi kusalimia, anarudisha kidogo, mbegu isisahau njia.

Barieri yenyewe ilikuwa mwanzi mmoja, umelazwa juu ya mapipa mawili. Mwanzi ule ungevunjwa na mbuzi. Lakini nyuma yake walikaa askari, na mmoja, ambaye wenzake walimwita Jacques, alikuwa anatafuna muwa, kofia imekaa upande. Alichukua karatasi, akaisoma taratibu, midomo ikienda. Si ndefu. Aliisoma mara mbili.

"Kupanda," alisema. "Kupanda nini?"

"Mulima."

"Mulima haikuandikwa hapa." Akawaonyesha wenzake. "Imeandikwa kupanda. Mutu wa kupanda iko na mbegu. Mbegu yako iko wapi?"

Wakacheka. Walikuwa na siku ndefu mbele yao, na sisi tulikuwa mchezo wao. Nilifungua mdomo, Godelieve akanikanyaga mguu. Akatua kitunga. Akafungua lile fundo la kikwembe, akawaonyesha.

Jacques hakuwa ametegemea hilo. Lakini mbele ya wenzake hakuweza kurudi nyuma. Akasema kama ndivyo, apande basi, waone.

Pembeni ya pipa palikuwa na udongo mweusi, laini, mahali walipomwaga maji ya kuoshea sufuria. Godelieve akapiga magoti. Akatoboa udongo kwa kidole, akatia mbili, akafunika, akasogea, akatoboa tena. Hakuharakisha. Alipanda kama yuko shambani kwake na hakuna mtu duniani. Kicheko kikapungua, kikaisha. Ukasikia tu inzi na muwa unaotafunwa, kisha hata muwa ukanyamaza. Mbegu za mama yake zote ziliingia pale isipokuwa chache alizozirudisha katika fundo.

Akasimama, akapangusa mikono.

"Nimekwisha panda," alisema. "Sasa niache nipande."

Jacques akanyanyua mwanzi. Alinyanyua mwenyewe, kwa mikono miwili, kama mtu anayefungua mlango wa kanisa.

Nilibaki pale mpaka kitunga chake kikawa kidogo kama kikombe, kikaingia katika majani. Nikarudi kwa samaki wangu nikiwa na hasira, na sikujua ni hasira kwa nani.

Mambo ya huko juu nayasema kama alivyoyasema yeye, na yeye aliyasema kama mtu anayesimulia ndoto ambayo hataki iishe.

Alisema siku ya kwanza alipita mashamba yaliyorudi kuwa pori, mihogo imekuwa miti, michikichi imeangusha ngazi, matunda yake mekundu, na hakuna wa kuokota. Milango ya nyumba ilikuwa wazi, na ndani ya moja aliona kuku amelala juu ya kitanda kama mgeni wa heshima. Alipita kando ya Fizi bila kuingia. Alipanda. Kila alipogeuka kupumzika, ziwa lilikuwa limepanda pia, mpaka saa za alasiri halikuwa tena chini yake. Lilikuwa limesimama mbele yake wima, rangi ya mbingu, na Ubwari imelala ndani yake kama mamba anayeota jua. Pirogi hazikuonekana. Bunduki hazikusikika. Alisema vita ilibaki chini kama kelele za soko ukiwa umeshafika nyumbani.

Palikuwa na barieri nyingine huko, ya vijana wa mlimani, maadui wa wale askari wa chini. Hao hawakuwa na mwanzi wala kashe, na karatasi ya chini alikuwa ameificha ndani ya chumvi, maana ingemletea balaa. Walitokea katika ukungu, wakamwuliza kwa Kibembe yeye ni mtoto wa nani. Akataja baba yake. Wakangoja. Akataja babu yake, na aliyemzaa babu, na kijito walichochota. Kijana mmoja akasema bibi yake pia alichota kile kijito. Wakampa njia. Walichukua chumvi kidogo. Mimi ningesema walichukua nyingi, lakini yeye alisema kidogo.

Siku ya pili alitembea ndani ya wingu. Hakuona miguu yake. Aliona mkono wake ukienda mbele na kupotea, ukirudi na maji. Alifika mahali ambapo hakujua kama anapanda au anashuka, akasimama, akaogopa kwa mara ya kwanza. Ndipo akasikia mchi. Mtu alikuwa anatwanga. Tu, tu, tu, taratibu, sauti ya jioni ya kila kijiji. Akafikiri watu wamerudi! Akafuata ile sauti kama unavyofuata kamba kutoka kisimani, mpaka nyumba zikatoka katika ukungu moja moja, na moshi katika tatu kati yake.

Hapakuwa na watu. Alikuwa Suzanne peke yake, amekaa chini, miguu imenyooshwa, kinu mbele yake. Na kinu kilikuwa kitupu.

Kila asubuhi na kila jioni mzee yule alitwanga hewa, ili apitaye njiani ajue kijiji kina watu. Kila siku alijikokota kwa matako mpaka nyumba ya jirani, akawasha moto, akajikokota mpaka nyingine, akawasha. Ule moshi niliosema mtu hawezi kuuona, ulikuwa moshi wa nyumba ambazo wenyewe hawapo. 

Suzanne hakuacha mchi mara moja. Akamaliza kwanza.

"Umekawia," alisema. "Mbegu umeleta?"

Godelieve akafungua fundo, akamwonyesha chache zilizobaki, akamweleza nyingine zimeishia wapi. Mzee akatazama mbingu ambayo haikuonekana, akahesabu kwa vidole, akasema mvua itanyesha siku ya nne, na mbegu zile zitaota vizuri, kama wale mabwana hawana kuku.

Mvua ilinyesha siku ya nne. Ilinyesha tano, sita, saba. Njia ikawa utelezi, na hata ingekuwa kavu, Suzanne hakukubali kuondoka kama mwizi. Alitaka kufunga kijiji. Alimtuma mtoto wake katika kila nyumba: ondoa majivu, funika chungu, egemeza mlango, sema jina la mwenyewe. Nyumba saba. Siku tisa zilipita hivyo. Godelieve alisema zilikuwa siku tamu kuliko zote tangu vita ianze, na alisema kwa aibu, kwa sababu karatasi yake ilikuwa inazeeka ndani ya chumvi na boti ya Iddy ilikuwa inangoja chini, naye alikuwa anakula viazi kwa mama yake na kulala kama mtoto.

Siku ya kumi na mbili alimweka mama yake katika kitunga. Wanaume wa kumbeba kwa machela ya kipoyi hawakuwepo, na Suzanne alikuwa amekauka, uzito wake ulikuwa wa kitunga cha mihogo iliyoanikwa. Alimkalisha mgongo kwa mgongo, blanketi chini, magoti yake yamekunjwa, mkanda kwenye paji la uso. Kwa hiyo njia yote mama alitazama mlima na mtoto akatazama ziwa. Suzanne alimwelezea anachokiona nyuma. Sasa ukungu umefunga. Sasa naona mti wa jirani yetu Yakobo. Sasa siuoni.

Vijana wa mlimani waliwapisha. Yule wa kijito alimbeba mzee mpaka mtelemko wa tatu, kisha akarudi kabla ya kuonekana.

Walifika barieri ya chini siku ya kumi na nne, jua likiwa bado juu. Godelieve alikuwa ametoa karatasi katika chumvi, imekuwa ngumu kama ngozi ya samaki. Alimtafuta Jacques. Jacques hakuwepo. Alikuwepo komanda mpya, shati limepigwa pasi, mtu aliyesoma. Unamjua mtu aliyesoma: midomo yake haiendi.

Alisoma. Akamrudishia.

"Mama, hii karatasi iko ya kupanda. Wewe unashuka."

Godelieve akasema alipanda, sasa amemaliza. Komanda akamwambia, bila ukali, kwamba kupanda ni kwenda juu, kushuka ni neno lingine, na neno hilo halipo hapa. Arudi alikotoka, au akae pale mpaka waulize bironi, na kesho karatasi itakuwa imekufa, na hiyo itakuwa kesi nyingine.

Kesho ndiyo siku ya Iddy.

Godelieve alisema alipofika hapo kichwa chake kilikuwa kitupu kama kile kinu. Mkanda ulikuwa unamkata paji. Akatazama chini, kwa uchovu tu. Na pale chini, pembeni ya pipa, palikuwa na kijani.

"Kupanda haiko kwenda juu," alisema polepole. "Nilikuja kupanda maharagi. Soma tena."

"Maharagi gani?"

"Hii."

Komanda akageuka. Yalikuwa yameota, mistari miwili, yamekunywa mvua na maji ya sufuria, majani yake mapana kama mikono ya watoto. Yalikuwa mazuri. Lakini mashina matatu au manne ya mwisho yalikuwa yamekatwa vichwa, na nyuma, juu ya moto wa askari, sufuria ilikuwa inatoa harufu ambayo kila mwanamke wa Kivu anaijua.

"Tena," Godelieve akasema, "nani iko anakula majani yangu?"

Askari wawili wakatazama viatu vyao. Komanda akatazama sufuria, akatazama karatasi, akatazama tena maharagi. Mtu aliyesoma anateseka kuliko wengine neno likiwa na milango miwili. Mwishowe akashika alichobakiwa nacho: kitunga. Akazunguka nyuma ya Godelieve, akauliza huyu mzee ni nani, maana jina lake haliko popote.

Suzanne alikuwa amekaa vile vile, amewapa wote mgongo, macho juu mlimani. Hakugeuza hata shingo.

"Mi niko mavuno," alisema.

Komanda akaikunja ile karatasi, akaitia katika mfuko wa shati lake, akasema muda wake umekwisha, hairudi tena. Na akaashiria mwanzi unyanyuliwe.

Walipokuwa wanapita, Suzanne akamwambia mtoto wake asimame kwanza. Sasa barieri ilikuwa nyuma yao, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa uso kwa uso na wale askari. Aliwatazama mmoja mmoja kama anavyotazama watu walioachiwa shamba.

"Muiwekee miti," alisema. "Hii mbegu iko ya kupanda."

Usiku ule walilala kwangu, ndipo niliposimuliwa haya yote, na asubuhi nikawasindikiza ufukoni. Iddy alitaka abiria wakae wameelekea mbele, ili boti isiyumbe. Suzanne alikataa, akakalishwa nyuma, akitazama alikotoka. Godelieve alikaa mbele. Mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anatazama maji. Nilitazama mlima kwa niaba yake, maana mtu lazima autazame, na hewa ilikuwa safi, bluu, mikunjo yote inaonekana. Hapakuwa na moshi. Nilisimama pale mpaka motere ikawa kama nyuki, kisha kama kitu unachofikiri umesikia.

Jiwe lake jeupe aliniachia. Sikubishana; lilikuwa na bahati kuliko tofali langu. Baada ya majuma matano lilinifikisha nafasi ya tisa, nikaingia bironi, na Norbert akaniuliza sababu. Nikamwambia aandike ile ile. Akaandika neno moja, akapiga kashe, akapuliza. Nyuma ya karatasi yangu mtoto fulani alikuwa amepata nne juu ya kumi.

Nilifika barieri. Mapipa yalikuwepo, askari walikuwepo, Jacques alikuwa amerudi na muwa wake. Lakini mwanzi haukuwa umelala tena njiani. Walikuwa wameusimika pembeni, wima, na maharagi yalikuwa yameuzunguka mpaka ncha, na juu kabisa, mahali ambapo mkono haufiki, palikuwa na maua meupe. Njia walikuwa wameifunga kwa kamba. Usifikiri waliacha kazi.

Jacques akanyoosha mkono, nikampa karatasi. Akaisoma, midomo ikienda.

"Kupanda nini?"

Nikafungua fundo la kikwembe changu.